Konzi na Kuta za Mjini Kati

Mume wangu ni fundi plasta. Mtaani wanamwita Konzi, maana hapiti ukuta bila kuugonga kwa vifundo vya vidole. Plasta iliyoachia hulia kama debe tupu, iliyoshika hunyamaza. Miaka thelathini masikio yake yametulisha.

Siku hiyo tulishuka basi asubuhi katika mji tusioujua. Daktari wa macho wa hospitali ya huko alitupangia saa nne, na tukikosa zamu hiyo tungengoja miezi saba. Macho yana ukungu kidogo tu, Konzi alidai, nami nikamwamini. "Tuna saa nzima," akasema, akashika njia ya mjini kati bila kuniuliza.

Huko kulikuwa na majengo ya zamani yaliyotelekezwa: benki iliyopigwa mbao madirishani, sinema iliyoota nyasi juu ya paa, hoteli yenye roshani zinazoning'inia. Konzi akawa kiguu na njia. Anagonga hapa, anasikiliza, anavuka kule. Mimi nyuma na mkoba wa vyeti, roho juu, kila hatua tatu natazama saa.

"Baba watoto, saa tatu na nusu hiyo!"

"Ngoja nimalizane na huyu bibi kizee," akajibu, akipapasa nguzo ya hoteli. "Hebu nisomee mwaka pale juu ya mlango."

Nikamsomea kwa hasira. Ananipiga chenga, niliwaza, mtu mzima anaogopa daktari!

Akagonga ukuta kando ya mlango. "Mzima huu. Hauna hata ufa. Watu wa zamani walijua kazi, mama watoto."

Nilidhani anatania. Mbele ya pua yake ulishuka ufa kutoka dirishani hadi chini. Nikaushika mkono wake, nikautia humo. Ukazama hadi kiwikoni. Hakucheka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nyumba ya mwalimu."

Nyumba ya mwalimu aliipiga plasta mwaka juzi. Kumbe muda wote huo anafanya kazi kwa kupapasa, na mimi nasifia! Nilikasirika, halafu nikaogopa, halafu nikaona aibu.

"Daktari akiandika kwamba sioni, nani atanipa kazi?"

Nikamwambia twende tu.

Akajikung'uta vumbi, akageuka huku na huku. "Haya. Hospitali iko upande gani?"

Bango la hospitali lilikuwa ng'ambo ya barabara, herufi zake ndefu kuliko mimi.