Shahidi wa Kuzaliwa kwa Mdogo Wangu

Siku ile katika ofisi ya uhamiaji, Ngara mjini, tulikuwa watu watano. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu. Alikuwepo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, amevaa koti lake la misa. Alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji chetu kule Bugarama, mhuri wake uko mfukoni. Alikuwepo bibi jirani yetu, ambaye ndiye aliyempokea mdogo wangu alipozaliwa. Na nyuma ya meza alikuwepo afisa. Majina yao siyaandiki, kwa sababu mmoja wao bado anaitwa ofisini hapo mpaka leo.

Mdogo wangu mwenyewe alikuwa Uarabuni, analala chini katika chumba walichowekwa wasichana waliotoroka kwa waajiri wao. Hakuwa na pasipoti. Wakala aliyempeleka alimkuta Nyakanazi, kwenye gesti alikokuwa akifua mashuka, akamwambia viza yake ni ya kazi. Ilikuwa ya matembezi. Mwenye nyumba aliyempokea alipaswa kuibadilisha na hakuibadilisha. Pasipoti akaifungia kabatini. Baada ya mwaka na zaidi, mdogo wangu alitoka na nguo aliyovaa na mkono uliounguzwa kwa pasi, akaenda kwa miguu kuutafuta ubalozi wetu. Serikali ya kule ikampa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka, la sivyo afungwe.

Ubalozi ungeweza kumpa hati ya dharura, karatasi ya safari moja tu ya kurudi nyumbani. Mama mmoja wa dirishani alimwuliza jina la baba yake. Akalitaja jina la baba aliyemzaa. Akaulizwa yuko wapi. Akasema alishakufa. Lakini kwenye kompyuta baba yake alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo yu hai, ana kitambulisho cha taifa. Tena wakasema Kiswahili chake ni cha ng'ambo ya mpaka. Wakamwambia akae pembeni. Wakaandikia uhamiaji wa nyumbani kwamba huyu binti ana mashaka ya uraia.

Kosa lile la jina la baba lilikuwa langu.

Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, baba kwanza, mama miezi mitano baadaye. Nilikuwa darasa la sita, nikaishia hapo. Mdogo wangu alipofika umri wa shule, mimi ndiye niliyempeleka kuandikishwa. Mwalimu akauliza, "Baba yake nani?" Nikamtaja baba mdogo. Sikuona kwamba nimedanganya. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na mtoto hasemi hana baba wakati huyo yupo na anakula kwake sikukuu. Tena pale shuleni yatima walikuwa wakiitwa mstarini peke yao kupewa madaftari, wenzao wanatazama. Mimi nilishasimama kwenye mstari ule. Nikasema yeye hatasimama.

Kutoka daftari la shule jina lile likaingia kwenye cheti cha kumaliza la saba, kutoka hapo kwenye cheti cha kuzaliwa, kutoka hapo kwenye pasipoti. Kila karatasi ilizaliwa na mwenzake, na ya kwanza niliizaa mimi.

Barua ya ubalozi ilipofika wilayani, yule afisa wa uhamiaji aliniita, akanieleza bila ukali. Alitaka kiapo cha baba mdogo kwamba si yeye aliyemzaa, barua ya mwenyekiti, na shahidi mmoja asiye wa damu yetu, aliyeshuhudia mtoto anazaliwa katika ardhi hii. Kadi ya kliniki hatukuwa nayo. Mama alijifungulia nyumbani, mvua ikiwa imekata njia. Waliokuwa chumbani ni wanawake wawili, na mmoja alishazikwa.

Nilimkuta bibi kwake anachambua maharage. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote. Aliendelea kuchambua.

"Ofisi hiyo mimi nikienda mjini huwa naipita upande wa pili wa barabara," alisema.

"Najua, bibi."

"Unajua na bado umekuja."

"Sina mwingine."

Bibi alivushwa mpaka kutoka ng'ambo akiwa binti mdogo, amebebwa nusu ya njia, mwaka ambao watu wao walikuwa wakikimbia. Aliolewa hapa, akazaa hapa, akamzika mume wake hapa. Wakati wa kuandikishwa vitambulisho alifika kwenye foleni akaona maafisa wanawauliza watu babu zao wamezikwa wapi, akarudi nyumbani akasema mguu unamwuma. Kitongoji chote kilijua na hakuna aliyesema, maana hakuna nyumba kule ambayo mikono yake haikupokea mtoto.

Aliyamaliza maharage yaliyokuwa kwenye ungo. "Mtoto alitoka ametanguliza miguu," akasema. "Nilidhani nitawapoteza wote wawili. Siwezi kumwacha afie gerezani kwa watu. Tutakwenda Jumanne."

Nilipaswa kumwambia afikiri tena. Sikumwambia.

Basi Jumanne hiyo tukakaa kwenye benchi, sisi wanne, mbele ya meza. Afisa alikuwa mtu wa mbali, hajui Kihangaza, lugha yetu. Aliyasoma makaratasi taratibu, akamgeukia baba mdogo.

"Kwa hiyo mzee, ulikuwa baba kwa miaka ishirini, leo unaapa kwamba wewe si baba."

"Mimi ni baba yake," baba mdogo akasema. "Ila sikumzaa."

"Sasa niandike lipi?"

"Andika yote mawili, afande," mwenyekiti akadakia. "Huku kwetu mtu ana baba wengi. Shida huwa siku ya kulipa ada, hapo hata mmoja humwoni."

Afisa akacheka kidogo. "Na huyo binti, mbona ubalozini wanasema anaongea kama Mrundi?"

"Afande, pale mpakani hata ng'ombe wetu wanasikilizana na wa kule. Utamkamata ng'ombe?"

"Akinipitia shambani, ndiyo."

Nikaona mambo yanalainika. Baba mdogo akaweka kidole gumba kwenye kiapo. Ikafika zamu ya bibi. Kiswahili anakisikia vizuri ila kukisema humchosha, kwa hiyo alisema Kihangaza na mwenyekiti akatafsiri. Akaeleza mvua, akaeleza taa ya chemli, akaeleza miguu iliyotangulia na jinsi alivyomtoa mtoto. Akaeleza kwamba kitovu alikizika mwenyewe nyuma ya nyumba, na kwamba baba yetu alisimama mlangoni akilia kama mwanamke. Hayo ya kulia sikuwa nayajua. Afisa aliandika ukurasa mzima. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Na shahidi mwenyewe alizaliwa wapi?"

Bibi akajibu kwa sauti ileile aliyoelezea habari za kitovu. Mwenyekiti akakohoa.

"Anasema hapahapa Bugarama."

Afisa akaanza kuandika. Bibi akainua mkono.

"Sijasema hivyo," alisema kwa Kiswahili. "Nimesema nimezaliwa ng'ambo. Nilikuja hapa mtoto."

Mwenyekiti akamwambia kwa Kihangaza, chinichini, "Mama, ningekuvusha." Bibi hakumtazama. Mimi nilitazama sakafu. Sikusema neno, kwa kuwa barua ya afisa ya kwenda ubalozini ilikuwa bado haijapigwa mhuri, na nilihofia kwamba nikifungua mdomo nitaipoteza. Hiyo ndiyo kweli yangu ya siku ile.

Afisa aliweka kalamu chini. Akamwomba kitambulisho. Hana. Kadi ya mpiga kura? Hana. Akatoa karatasi nyingine, akaanza kuandika upya jina la bibi, umri wa kukisia, mwaka wa kukisia. Baadaye akarudi kwenye barua yetu na kuigonga mhuri, akasema ushahidi wa mtu anayekiri hata linalomwumiza anaweza kuuamini. Bibi akapewa karatasi yake ya kurudi baada ya wiki mbili na vithibitisho.

Nje nilimwuliza kwa nini hakumwachia mwenyekiti. Alikuwa anafunga vizuri kitenge chake.

"Wangekuja kuniulizia kijijini, wakakuta uongo. Wangesema basi na mtoto ni uongo," akasema. "Twende, basi litatuacha."

Barua ilipigwa picha steshenari na kutumwa. Siku ya tisa mdogo wangu akapewa hati yake, zikiwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Nikampokea Nyakanazi, kwenye vumbi la malori. Alishuka na mfuko mmoja wa plastiki. Alinisalimu shikamoo. Mama lishe mmoja alimwita, "Karibu chakula, mtalii," kwa sababu ya viatu vyake, na mdogo wangu akageuza uso. Mpaka tunafika nyumbani hakuwa ameutoa mkono wake ulioungua kwenye mtandio.

Jioni ile bibi alikuja kumwona. Akamshika miguu yote miwili, akasema bado ni mirefu, na mdogo wangu akacheka kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemwambia ilikuwaje akapata ile hati. Nilimwambia mimi, wiki iliyofuata, wakati bibi amekwenda Ngara na mwanawe mkubwa. Mdogo wangu alisimama akaingia ndani.

Sasa bibi ameitwa mara nne. Wanataka mtu aliyemwona akifika, ili aapishwe kama yeye alivyoapishwa kwa ajili yetu. Nimetembea vitongoji vyote, nimeuliza parokiani, nimekwenda mpaka Nyantakara kwa mzee mmoja aliyesemekana walivuka pamoja. Nilikuta matanga. Mimi siwezi kumwapia, sikuwa nimezaliwa, na mwenyekiti haaminiwi tena pale ofisini. Wamemwambia kuna kibali cha mgeni mkazi, ambacho ada yake watoto wake wote wakiuza mavuno hawaifikishi, au arudi kwao. Aliwauliza kwao ni wapi. Wakampangia tarehe.

Tunamlimia shamba mimi na mdogo wangu siku anazokuwa njiani. Watu wanasema tunamlipa wema. Siyo malipo, ni majani tu tunayong'oa.

Jana alipita hapa kwangu. Tarehe yake ni Alhamisi. Aliniuliza kama safari hii abebe blanketi, wasije wakamlaza ndani. Nikamwambia asibebe, nitakwenda naye. Akaniambia nisiende, mtu mwenye karatasi nzuri asijioneshe sana pale. Nitakwenda. Nitakachosema nikifika bado sijakijua.