Kitanda Kinachopiga Kelele

Bi Taipu alipostaafu kazi ya uchapaji, nyumba ilianza kumfinya. Kutwa alikuwa akipangua vikombe kabatini na kuvipanga upya, mpaka dada yake akamwonea huruma.

"Nenda dukani kwa shemeji yako," akamwambia. "Ana tovuti ya vitanda ambayo haijatembelewa na mtu ila yeye mwenyewe."

Shemeji huyo, mume wa dada yake, walimwita Msumari, kwa sababu akishashikilia jambo, kumng'oa ni kazi. Alikuwa mtu wa haya nyingi. Hata tangazo la magodoro aliliona kama lina utovu wa adabu. Bi Taipu akasoma kozi fupi ya kuuza mtandaoni, akaja na programu ya kupima maneno. Unaandika neno, nayo inakuonyesha ni watu wangapi wanalitafuta mtandaoni, na ugumu wake, sifuri hadi mia: yaani utakavyotoka jasho ili duka lako lionekane ukurasa wa kwanza wa matokeo.

"Andika 'kitanda'," akaamuru Msumari.

Ikatokea tisini na tatu.

"Tisini na tatu! Tumefaulu!"

"Shemeji, huu si mtihani. Huo ndio ugumu. Maduka makubwa yamejazana hapo, sisi tutakaa nyuma kabisa, gizani na popo."

"Basi weka 'kitanda bora'."

Themanini na nane. Msumari akanuna, akaenda kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Bi Taipu akaacha kuwaza maneno ya muuzaji, akawaza ya mtu aliyekosa usingizi. Akaandika: 'kitanda kinapiga kelele usiku'. Ugumu, nne. Wanaotafuta, wengi ajabu. Hakuiamini namba peke yake. Akafungua ukurasa wa kwanza aone nani yupo. Akakuta makala ya watoto wachanga wanaolia, ukurasa wa vichekesho, na swali la mtu mmoja ambalo hakuna aliyejisumbua kulijibu. Njaa ipo, mpishi hayupo.

Akaandika makala safi: kaza skrubu, paka nta kwenye maungio, ukishindwa mpigie fundi wetu. Chini akaweka namba ya duka. Msumari alipouliza, akajibiwa tu, "Nimepata neno jepesi."

Baada ya wiki chache simu ikaanza kulia. Msumari akapokea mbele ya wateja.

"Unanong'ona nini? Sema kwa sauti! Kitanda kinafanya nini?"

Duka zima likageuka. Akakata simu, masikio yamemwiva. Wa pili akaomba fundi aje kama mtu wa kurekebisha bomba, majirani wasijue. Wa tatu alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza.

"Kijana, kitanda chetu na mama watoto kinatuaibisha. Wajukuu wakija kulala wanauliza kuna nini."

Msumari aliijua sauti ile. Ilikuwa ya baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba," ikamtoka.

 Mzee akasema, "Kumbe ni wewe. Marahaba. Basi vizuri, maana kitanda chenyewe ulituletea wewe ulipokuja kuposa."

Bi Taipu, aliyekuwa akisikia kila neno la baba yake mzazi, aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu.

"Futa hayo makala leo leo!" Msumari akafoka.

"Usifute," akasema fundi seremala kutoka nyuma. "Mwaka mzima nilikuwa nafagia tu hapa. Sasa nina kazi mpaka Jumamosi."

 Msumari akachukua bisibisi na kipande cha nta, akaenda kwa wakwe zake mwenyewe. Mama mkwe alimkaribisha chai bila kumtazama, naye alikaza kila skrubu bila kumtazama mtu. Alipomaliza, mzee akajitupa kitandani kwa mgongo. Kimya kabisa.

"Ufundi unao," mzee akasema. "Ila umechelewa miaka kumi na minne."

Makala hayakufutwa. Mwenye nyumba ya wageni aliyasoma, akaja kununua vitanda vipya vya vyumba vyote. Msumari alitoa sharti moja tu: simu ya duka ihamie kwa Bi Taipu. Naye huipokea kwa sauti ya ofisini, taratibu, na huuliza upande gani unaolia. Kitanda ni cha nani na kinalia kwa nini, hayamhusu.