Gunia la Sweta za Mlimani

Kitu cha kwanza kutoka ndani ya lile gunia kilikuwa gambuti ya mtoto wa miaka mitatu hivi, tope la mlima bado limeganda kwenye soli. Peres aliiweka sakafuni mwa chumba chake pale Kangemi, Nairobi, akatoa ya pili, kisha sweta ya shule ya buluu, kisha koti la mzee mmoja aliyemjua kwa jina. Alipofika katikati akakoma. Ilikuwa Julai, na Julai ya mwaka huo wa 2003 ilikuwa ya baridi kali hata huku chini.

Peres alikuwa mjane aliyejifunza kupikia watu wengi katika jiko la shule ya bweni huko kwao magharibi. Kwa miaka mitatu sasa alikuwa mpishi wa kampuni ndogo ya watalii, yenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu katikati ya jiji. Mwenye kampuni, Mbuthia, mkazi wa Loresho, aliuza safari ambayo wenzake hawakuwa nayo: kijiji cha walina asali juu kabisa Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda, watu wa kabila dogo ambao, kwa mujibu wa karatasi zake za matangazo, hawajaguswa na dunia. Uongo mtupu. Wale watu walikuwa na redio, walikuwa na kanisa la mabati, na walivaa sweta na gambuti kama mtu yeyote mwenye akili timamu anayeishi kwenye ukungu.

Ndiyo maana Peres alikuwa na kazi ya pili, isiyoandikwa popote. Lori la jikoni lilitangulia saa moja mbele ya wageni. Akifika, alipita nyumba kwa nyumba na gunia akikusanya sweta, makoti na gambuti, na wenyewe wakajifunga ngozi ambazo kwa kawaida zilitolewa sandukuni siku za harusi. Wageni wakishapiga picha na kuondoka, aliwarudishia vitu vyao na kuwagawia sukari ya kampuni. Watoto walikwisha kuifanya mchezo. Wakisikia ngurumo ya gari tu wanaanza kuvua. Na Peres, Mungu amsamehe, alikuwa akicheka nao.

Safari ya mwisho mvua iliharibu kila kitu. Barabara ilianza kukatika, Mbuthia akafoka watu waondoke upesi, lori likateremka, na gunia likabaki chini ya masufuria. Peres aligundua walipokuwa wakipakua vyombo gereji kule Kinoo. Kijiji kizima kilikuwa kimeachwa mlimani na ngozi za harusi, naye ndiye aliyelifunga gunia lile kwa mikono yake.

Kesho yake alipanda ngazi za ofisi, akamkuta Mbuthia anakunywa chai. Akamweleza taratibu, akidhani mtu mzima ataelewa. Mbuthia akasema hakuna shida, safari nyingine ni Septemba, vitu vitapelekwa wakati huo. Peres akamwambia kule juu alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na watoto hawawezi kwenda shule bila sare.

"Peres, wale watu wamezoea baridi," Mbuthia akasema, macho kwenye kompyuta. "Wewe ndio unawaonea huruma ya bure. Si unajua vile wao huishi?"

Hapo damu ikamchemka kweli. Huyu bwana alikuwa ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe. Aliwavisha ngozi yeye, kisha akasahau kwamba ni yeye.

"Nani aliwavua sweta, bosi?" akauliza. "Si ni sisi?"

Alimwambia atafute mpishi mwingine, na akatoka. Alitaka kuubamiza mlango, lakini ulikuwa na ile springi ya kujifunga polepole, ukamnyima hata raha hiyo.

Alifua zile nguo siku mbili. Jirani yake Lornah alimwazima kamba zake zote na kumsaidia kukamua, na ploti nzima ikajaa sweta za watu ambao wapangaji wengine hawakuwajua. Zilipokauka alipanda basi la Kitale, kisha pikapu ya wachuuzi wa viazi, amelikumbatia gunia. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: atawaomba msamaha mmoja mmoja, na atawaambia wasikubali tena mtu yeyote awavue, hata akija na sukari, hata akija yeye.

Pikapu ilinguruma kwenye mwinuko wa mwisho. Aliposhuka walikuwa wamekwisha kujipanga uwanjani, mahali pao pa siku zote. Walijifunga zile ngozi, mabega wazi, watoto peku kwenye nyasi zenye maji, meno yakigongana. Bibi Chemtai, mkubwa wao kwa umri, akamjia akivua sweta iliyotoboka viwiko, akaikunja vizuri na kumkabidhi.

"Imebaki hii tu, mwanangu, na ni ya kuazima," akasema. "Wengine hawana cha kuvua. Wageni wako wapi?"

 Peres alimvalisha bibi tena ile sweta, akafunga vifungo mpaka shingoni. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi, akafungua gunia, akaanza kupanga gambuti chini mbili mbili, za watoto mbele.

Hakuna aliyesogea kuchukua. Wageni walikuwa bado hawajaja.