Maskini wa Wagombea Wawili

Paa la nyumba ya Eufrazia, pale Temeke, lilikuwa la makuti yaliyozeeka hadi yakasahau kazi yake. Jua liliingia bila kubisha hodi. Mvua nayo ilipokuja, iliingia kama mwenye nyumba, ikachagua pa kukaa, na Eufrazia ndiye aliyesogea.

Mumewe, Kornelio, alikuwa kuli wa bandarini, naye alifariki miaka mitatu kabla ya haya. Chama kilimzika vizuri sana. Palikuwa na jeneza la mbao za mninga na hotuba tatu, ya mwisho ikichukua saa nzima. Alipougua miezi minne hakuna mjumbe aliyepata nafasi ya kumpitia, lakini siku ya kufa kwake wote, kwa bahati nzuri, walikuwa na nafasi.

Chama chenyewe kiliitwa Umoja wa Kusaidiana wa Watu wa Bara. Walikuwamo Wahaya, Wachaga, Wangoni na Wafipa, maana mjini kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Mkubwa wake aliitwa Prezidenti. Jina la mwenyekiti lilikuwapo, ila lilionekana dogo kwa mtu mwenye koti. Kazi za Prezidenti zilikuwa tatu: kukalia kiti chenye mikono, kutunza muhuri, na kusema wa kwanza msibani. Kwa ajili ya mambo hayo matatu, mwaka ule wa hamsini na mbili, watu wazima wawili waliacha kusalimiana.

Mmoja alikuwa Bwana Theonest, karani katika ofisi moja ya Serikali, mtu wa tai na kofia ya pama. Wa pili alikuwa Bwana Gaudens, mwenye duka la vibiriti, chumvi na mafuta ya taa. Serikali ya Kiingereza haikuwapa nafasi ya kugombea kitu kingine chochote, basi hicho walikigombea kwa nguvu za nchi nzima. Na wote wawili, bila kushauriana, waligundua mwezi mmoja kabla ya uchaguzi kwamba kuna jambo baya sana Temeke linaloitwa umaskini. Walikuwa wakiishi nalo mtaa mmoja miaka kumi. Walilistaajabia kama watu walioliona likishuka kwenye meli.

Eufrazia hakuwa na habari kwamba yeye ndiye jambo lenyewe. Alikuwa akipika uji na mihogo alfajiri, akiwauzia makuli njiani, na mawazo yake yalikuwa kwa binti yake. Adelina ameolewa Vingunguti, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekomaa. Mimba ya kwanza mwanamke huja kujifungulia kwa mama yake. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo Eufrazia alinunua makuti mapya kutoka Kunduchi, akayapanga ubavuni mwa nyumba, akaenda kwa Adelard, Katibu wa chama.

Chama kilikuwa na desturi nzuri, nao walikuwa wakiifuata kweli: nyumba ya mwanachama huezekwa na wote kwa siku moja. Mwenye nyumba hupika chakula na togwa. Atakayeweka kuti la mwisho juu ya mgongo wa paa husimama akatangaza jina lake, wanawake hupiga vigelegele, na tangu hapo watu husema nyumba ile imeezekwa na fulani.

"Bwana Katibu, nina makuti, nina mahindi ya togwa," Eufrazia alisema. "Niitie watu kabla masika hayajakolea. Adelina anakuja."

Adelard alikohoa. "Mama Adelina, mwezi huu ni wa uchaguzi. Kila kitu kimesimama."

"Na mimba nayo?"

"Tutaliandika hilo," Adelard akasema, naye akaliandika.

Siku mbili baadaye Bwana Theonest alifika na watu ishirini. Aliingia ukumbini, akavua kofia, akaangalia juu mahali ambapo mbingu ilionekana vizuri, macho yakamlowa.

"Tazameni, ndugu zangu!" akasema. "Mjane wa mwenzetu analala chini ya nyota! Nani alikuwa mjumbe wa mtaa huu miaka yote? Si Gaudens?"

Watu ishirini wakaangalia nyota za saa nne asubuhi, wakasikitika.

Akitoka aliyaona makuti mapya. Uso ukambadilika, kama mtu aliyekuta nyama katika bakuli la Ijumaa Kuu. "Mama Adelina, haya ni ya nini?"

"Ya kuezekea."

"Vizuri, vizuri sana. Ila usiezeke kwanza. Unajua, hivi ilivyo nyumba inasema yenyewe. Mie nikisema, ni maneno tu. Hili paa likisema, mtu mzima analia."

"Na mvua je, Bwana Theonest?"

"Nikipata Uprezidenti, Mama, hutaikumbuka mvua." Kisha akaagiza turubai, wakayafunika makuti, ili umaskini wa Eufrazia usiharibike.

Bwana Gaudens naye hakukubali kuachwa. Alikuja na ratili mbili za sukari na mpiga picha. Eufrazia alikuwa amejifunga kanga yake ya Pasaka, maana hajawahi kupigwa picha.

"Mama Adelina, huna nyingine?" Gaudens akauliza kwa upole.

"Hii ni mpya."

"Ndiyo maana nauliza."

Akavaa ya kupikia mihogo. Mpiga picha akamsimamisha chini ya tundu kubwa, akamwambia asicheke. Hilo halikuwa gumu. Kwenye mkutano wa jioni, uwanja wa mpira, Gaudens alisema huyu ni maskini wake, amemjua tangu zamani. Theonest ndiye aliyemvamia juzi. Watu wa Theonest wakajibu kwamba maskini huyu walimwona wao kwanza, na mashahidi wapo. Wakakaribia kupigana. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Eufrazia kugombewa na wanaume wawili, naye alikuwa na miaka arobaini na sita.

Adelina aliwasili Alhamisi, amebeba furushi la nguo za mtoto. Mvua ikawasili naye. Kitanda kikahamishwa kutoka ukuta huu hadi ule, kisha katikati, kisha ukumbini. Jirani yao, Bibi Chausiku, mkunga wa mtaa, alikuja kumpapasa Adelina tumbo, akatazama na kitanda.

"Huyu hafiki Jumatatu," akasema. "Na mtoto hazaliwi kwenye dimbwi, shoga yangu. Yeye si kambare."

Eufrazia alikwenda dukani kwa Gaudens na maji yakimchuruzika.

"Bwana Gaudens, niezekeeni. Leo, kesho, sijali nani."

"Mama Adelina, moyo wangu unataka. Lakini nikikuezekea, Theonest atasema nimenunua kura."

"Mie sina kura. Mikutano yenu haijawahi kuniuliza."

"Hizo kura si zako," Gaudens akafafanua kwa subira, "ni za wanaokuhurumia."

Kwa Theonest alijibiwa hivyo hivyo, ila kwa ufasaha zaidi, kwa kuwa yule alikuwa karani.

Basi Eufrazia hakumngoja Katibu. Desturi yenyewe inasema anayeita ni mwenye chungu. Alipika togwa mitungi mitatu, akapika wali wa nazi na maharage, na Ijumaa akapeleka habari bombani, ambako habari hazihitaji muhuri: kesho Jumamosi, asubuhi, kwa Mama Adelina, kuezeka. Mwanachama akiitwa kwenye chungu asije, siku ya msiba wake watu nao hupata dharura. Wote waliijua hesabu hiyo.

Walifika sitini, na wagombea wamo. Kura, ya kupanga mstari nyuma ya umtakaye, ilikuwa kesho yake, na hakuna aliyethubutu kukosekana mahali penye watu sitini. Wakaezua makuti ya zamani yote kwa saa moja, nyumba ikabaki mifupa mitupu. Adelina alikaa ndani kwenye kigoda, ameshika kiuno, akiangalia mawingu kati ya fito.

Hapo wakagawana. Watu wa Theonest walirukia kipaa cha mbele, kinachoonekana barabarani. Watu wa Gaudens wakachukua cha nyuma wakinung'unika, kisha wakaanza kukiezeka kwa ustadi wa hasira. Kwa kweli hakuna paa lililowahi kuezekwa vizuri hivyo Temeke. Kila kamba ilifungwa kwa chuki, nayo chuki hukaza fundo. Kufika saa nane vipaa vyote viwili vilikuwa vimekamilika, na wali umekwisha.

Ukabaki mgongo. Pale juu kipaa na kipaa vinapokutana palikuwa na mwanya wa mkono mmoja, tangu ukuta hadi ukuta, na chini yake kabisa kilikuwa kitanda, kilichokwisha kurudishwa chumbani.

Theonest akavua koti, akashika ngazi. Gaudens akashika upande wa pili wa ngazi ile ile.

"Niachie, Bwana."

"Uachiwe ukatangaze jina? Kesho watu wapange mstari nyuma yako? Thubutu!"

"Basi asipande mtu!"

"Asipande!"

Na hapo, kwa mara ya kwanza mwezi mzima, wagombea wawili walikubaliana. Adelard akaleta shauri la busara: mgongo uachwe wazi hadi baada ya kura, kisha kamati ya watu watano, wawili wa huku na wawili wa kule na yeye mwenyewe, ikae Jumatatu na kulitazama suala hili kwa mapana. Watu wengi wakaona ni haki. Wingu jeusi lilikuwa limekwisha kufika Keko.

Ndani, Adelina akatoa mlio mfupi. Bibi Chausiku akachungulia mlangoni, akamwambia Eufrazia maneno mawili tu: "Kumeanza, shoga."

Eufrazia akaiendea ngazi. Alikaza kanga ya kwanza kiunoni, ya pili akaipitisha kati ya miguu akaifunga nyuma kama wavuna mpunga. Akaweka mzigo wa makuti kichwani, akaiondoa mikono ya wagombea kwenye ngazi, mmoja mmoja, kama mtu anayetoa kupe. Akapanda.

"Mama Adelina! Shuka!" Theonest akapiga kelele. "Mwanamke juu ya paa! Watu watasema nini?"

"Watasema halivuji."

"Utatuaibisha mbele ya mitaa yote!" akalia Gaudens.

"Nilifikiri mmekwisha kuzoea," akajibu kutoka juu, "wiki tatu mnawaonyesha watu ndani kwangu."

Mtu mmoja wa kundi la Theonest alicheka, halafu mmoja wa Gaudens. Eufrazia alikaa kama mpanda punda juu ya mgongo wa paa lake, mguu mmoja kwa mgombea huyu na mmoja kwa yule, akafunga kuti baada ya kuti akirudi nyuma. Vidole vyake vilivyozoea mafuta ya moto havikuogopa kamba. Matone ya kwanza yakamwangukia mgongoni. Alipofunga la mwisho alisimama, maji yakimpita usoni, akatangaza kama desturi inavyotaka:

"Nyumba hii imeezekwa na Eufrazia, mjane wa Kornelio!"

Vigelegele vikatoka ndani, vya Bibi Chausiku peke yake, vikatosha.

Ndipo mvua ikafunguka. Wanaume sitini wakakimbilia ukumbini, wakasongamana, wagombea mbele. Bwana Theonest aliangalia juu. Halikudondoka hata tone. Akasafisha koo. "Ndugu zangu," akaanza, "hivi ndivyo tunavyoweza kuuondoa umaskini tukishi—"

Eufrazia alikuwa ameshuka. Alisimama mlangoni, kanga zikichuruzika, pumzi juu.

"Tokeni," akasema.

"Mama Adelina, mvua hii?"

"Tokeni wote. Humu anazaliwa mtu."

Wakatoka, makoti na tai na kofia ya pama, wakasimama uani mvua ikiwapiga, Prezidenti ajaye akiwa mmoja wao na hakuna aliyejua ni yupi. Mlango ukafungwa. Kitandani Adelina alimshika mama yake mkono, akatazama juu muda mrefu, akasikiliza mvua ikipita nje.

"Mama," akasema, "haiji."

"Haiji, mwanangu. Sukuma."