Mlango wa Bi Ghaliya

Hujera si mji. Ni nyumba ishirini na mbili na mitende yake, ukivuka wadi tu, ule mto mkavu, ushaingia Ibra, mji wa Omani, kwenye taa za barabarani na maduka ya simu. Watu wa Ibra ukiwauliza Hujera wapi, watakwambia, "Aa, kule nyuma."

Kule nyuma ndiko alikokuwa Kidawa, mwanamke wa Pangani, mwezi wa pili huu, anamtunza Bi Ghaliya, mzaliwa wa Unguja, miaka themanini na ushei. Kabla ya hapo alifanya kazi Maskati, kwenye fleti, hata jirani wa mlango wa pili hamjui jina. Kwa hiyo kila alfajiri Bi Ghaliya akimwambia, "Fungua mlango, mwanangu," yeye alidhani bibi anataka upepo.

Alhamisi ile hakufungua. Hamdun, mtoto wa pekee, alikuwa anakuja kumchukua mamake akakae kwake Ibra, moja kwa moja. Sanduku lishafungwa. Bi Ghaliya kakaa kitandani, machozi yanamtoka kimya kimya. Kidawa akaona haya watu wapite wamwone vile bibi wa watu. Akatia komeo.

Saa mbili mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Ghaliya! Ya Ghaliya!"

Kufungua tu, wakamiminika wanawake kumi na moja, mmoja ana unga mikononi. Mbele yao Saliha, jirani wa ukuta mmoja, kakumbatia birika la kahawa, macho mekundu. Wakamkuta bibi kakaa.

"Hujafa?" Saliha akauliza.

"Nife na safari ninayo? Nani kakwambia?"

"Mlango! Toka babu zetu, Hujera mlango haufungwi asubuhi ila ndani mna maiti. Nimekulilia mpaka koo limekauka, wallahi!"

"Hebu lia tena, nisikie kama ulilia vizuri."

Wakacheka huku wanapangusa machozi. Kidawa alitamani ardhi immeze.

"Nisameheni, mama zangu. Nimefunga mimi. Bibi alikuwa analia, nikataka kumsitiri."

Kicheko kikakatika. Macho yote yakaenda kwenye sanduku.

Hapo Hamdun akatokea. Kaona viatu vimejaa kizingitini, na yeye kazaliwa hapo hapo, anajua maana yake. Alipomwona mamake mzima, akaenda kulaza kichwa magotini pake.

"Nipo, mwanangu," Bi Ghaliya akamwambia, anampapasa kofia. "Lakini nambie. Huko kwako mlango wangu ukishinda umefungwa, nani atakuja kugonga?"

Kwa Hamdun ni ghorofa ya tatu, milango hujifunga yenyewe.

Saliha akamtilia Hamdun kahawa. Hamdun akanywa vikombe vitatu.

"Kidawa," akasema mwisho, hamtazami mtu. "Mtolee mama nguo zake sandukuni."

"Zote, baba?"

"Zote."

Kidawa akapiga magoti kuvuta zipu. Hajaifikisha katikati, mikono ya watu ishajaa sandukuni, kila mmoja anamgombeza mwenzake jinsi ya kukunja.