Nilimfukiza Mwanangu, Wifi Yangu Akaitwa Mchawi

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, salamu nyingi. Jina langu lifiche, na mtaa usiuandike, sema tu ni huku Msimbazi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Umri nakadiria arobaini na kidogo, maana kwetu Newala hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Kuandika nimejifunza juzi juzi kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, mkiona herufi zimepinda mnisamehe. Ningemtuma mtu aniandikie, lakini haya nitakayosema sina wa kumtuma.

Mwanangu wa kwanza, nimwite Juma, alikuwa na pumu tangu ana miaka saba. Kifua kikimbana unasikia filimbi mpaka uani. Baba yake ni mchukuzi wa magunia pale sokoni Kariakoo, anatoka alfajiri, shida ya mchana haijui. Siku moja mtoto akawa anageuka rangi mikononi mwangu. Jirani yangu, sasa ni marehemu, akaniletea majani makavu kwenye kipande cha gazeti.

"Mama Juma, weka kwenye chetezo, mfunike kanga, avute. Ila ufunge mdomo, haya serikali haiyataki."

Nilijua ni bangi. Sitaki kuwadanganya kwamba sikujua. Nikamfukiza, akalala, nikamshukuru Mungu. Ikawa dawa yetu ya siri, mimi na yeye. Alipofika miaka kumi na mbili akawa anakuja kifua kizima kabisa, hakohoi, hana filimbi. "Mama, nifukize." Nami nikamfukiza. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana siku hizo hakuwa anaumwa.

Jirani alipofariki nikaacha. Juma hakuacha. Akaenda kwa wachukuzi nyuma ya mabanda ya ndizi, anarudi macho mekundu, anacheka peke yake. Nikimsema ananijibu, "Mama, majani tu haya. Pombe si inauzwa kwa leseni? Na hii wangeiruhusu tukavuta kwa adabu." Wenzake wanadakia, "Mama, lete vitumbua, njaa ya majani haina ujamaa!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nageuza vitumbua vyangu vya kuuza. Ningemkataza kwa mdomo upi?

Alipata kazi kiwandani, mwaka haukuisha. Akaanza kusema redio inamtaja jina. Akawa haogi, halali, akinisikia nakohoa anauliza nimetumwa na nani. Mwisho akamnyooshea kidole shangazi yake, dada wa mume wangu, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa anakaa nasi chumba cha uani. "Huyu ndiye ananila pumzi!" Mjane asiye na mtoto mnajua watu wanavyomtazama. Mume wangu alimwamini Juma palepale.

"Ondoka kwangu," akamwambia dada yake, "kabla sijasahau kwamba tumenyonya ziwa moja."

Wifi akasimama mlangoni, mkeka kwapani. Hakumtazama kaka yake, alinitazama mimi. "Wifi, wewe unanijua. Sema neno."

Nikamjibu, "Mimi mwanamke wa kuolewa, niseme nini?"

Juma alipoanza kupiga watu ndipo tukampeleka hospitali. Daktari akauliza alianza kuvuta lini. Mume wangu akasema, "Alipopata kazi tu." Daktari akanigeukia. "Eti mama?" Nikasema, "Sijui, daktari." Akatueleza kwamba si kila anayevuta anaugua akili, lakini anayeanza akiwa mtoto, kichwa bado kinakua, huyo hatari yake ni kubwa zaidi. Na aliposikia ana pumu, akasema moshi hauitibu, unakichokoza kifua. Mume wangu tulipotoka akasema, "Daktari hajui mambo ya kwetu."

Sasa Juma yupo nyumbani, anakunywa dawa, ametulia, ila amekuwa mzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Juzi kifua kikambana mbele ya baba yake, akaniambia kama zamani, "Mama, nifukize." Baba yake akauliza, "Umfukize nini?" Nikasema, "Majani ya mkaratusi." Uongo ulinitoka haraka mpaka nikajiogopa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni sukari. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika, watu wanasukumana, mara naona njia inafunguka. Ni wifi anakuja. Siku hizi anaishi ng'ambo ya Magogoni, lakini jina la uchawi limevuka naye. Mwanamke mmoja akasema, "Mpisheni huyo, asije akatukodolea macho." Wakampisha mpaka mbele. Akachukua sukari yake, akarudi nilipo, akacheka.

"Umeona wifi? Uchawi nao una faida, foleni sipangi."

Sikuweza kucheka. Akanimiminia nusu ya sukari kwenye pindo la kanga. "Mchanganyie mwanangu kwenye chai. Usimwambie imetoka kwangu, ataimwaga." Nilitaka kumwambia yote. Nikasema ahsante, basi.

Jioni Juma akanywa. "Leo chai tamu, mama. Mungu akubariki."

Ndugu zangu, nikisema, mume wangu ataniacha, hilo nalijua, lakini si hilo linalonitisha zaidi. Juma hamwamini mtu ila mimi. Chakula hagusi mpaka nikionje mbele yake. Akijua mkono huu uliomshikia kanga ndio uliomletea ugonjwa, atakula kwa nani? Nikinyamaza, wifi yangu atazikwa na jina lisilo lake. Kina mama mliolea, nanyi vijana mnaosema ni majani tu, niambieni nianzie kwa nani: kwa mume, kwa mtoto, au nivuke kwa wifi kwanza? Sukari yake imebaki kidogo kwenye kopo. Nishaurini kabla haijaisha.