Nilikwenda Beni Kuicheka Mashine ya Kukausha Rangi

Nisidanganye mtu: sikwenda Beni kujifunza. Nilikwenda kucheka, na nilibeba mlango mzima wa kunisaidia kucheka.

Mimi ni Paluku, fundi mbao hapa Butembo. Nachonga maua juu ya milango na vitanda. Mdogo wangu Kambale hupaka rangi kwa pistole, kile chombo kinachorusha rangi kama ukungu, na ukungu ule ameuvuta kifuani miaka na miaka. Sasa hamalizi sentensi moja bila kukohoa. Daktari amemwambia waziwazi: ama uache pistole, ama kifua kikuache wewe. Na Kambale hajui kazi nyingine isipokuwa rangi.

Ndipo kwenye simu yake ikaingia video kutoka Beni. Mkono wa chuma, eti roboti, unatembeza taa juu ya mlango uliopakwa rangi sasa hivi, na rangi inakauka kabla hujapiga chafya. Wasomi wanauita mwanga huo urujuanimno. Beni wanasema tu yuve. Muziki juu, herufi zinameremeta. Mwenye mashine, Mama Kavira, anatafuta fundi wa kuisimamia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami sijawahi kuona kibaya kinachojitembeza kwa ngoma nyingi namna ile.

"Yaya, tuende tuone," Kambale akaniambia mimi kaka yake. "Ile rangi hapana kurusha. Banaipaka na rulo tu. Ukungu haiko."

"Tuende," nikasema. "Nitakuonyesha uongo kwa macho."

Masika, mke wake, hakutaka. Habari za mauaji ya upande wa Beni tunazijua sote, wala hakuna mke anayemsindikiza mumewe huko kwa vigelegele. Nilimtuliza. Nilimwambia tutarudi pamoja, wote wawili, na ndoto hiyo itakuwa imekufa.

Asubuhi, Butembo. Tulipanda kamyoneti iliyobeba viazi na kabeji. Mlango wangu ulikuwa umefungwa blanketi, umelala juu ya magunia kama mgonjwa. Ni mlango wa libuyu, mbao ngumu ya msituni, una maua kutoka juu hadi chini, petali zimejikunja ndani kabisa hata kidole kinapotea. Dereva alisema tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi ya dereva wa Butembo! Watu waliokuja kutuaga walichoka, wakatuacha, wakaenda zao sokoni.

Maboya. Barabara hii kila mwanasiasa ameshaitengeneza kwa mdomo. Vumbi lilitufunika sisi, kabeji na dereva bila ubaguzi. Kambale alifunga kitambaa mdomoni, akakohoa ndani yake mpaka mama mmoja aliyekaa karibu naye akaanza kuomba kwa sauti. Mimi niliendelea kuisema mashine. Nilisema taa ni ya kuvulia samaki, mkono ni wa kuchotea mchanga, na huyo Mama Kavira ni debe tupu.

"Hujaiona bado," Kambale akasema.

"Upuuzi hauhitaji kuonwa, unanuka tu."

Kabasha. Bariere, kizuizi cha wanajeshi. Mwanajeshi mmoja, wa kutoka mbali kwa jinsi alivyosema, akapiga blanketi kwa fimbo.

"Papa, oyo nini?"

"Mulango, chef."

"Mulango? Na nyumba yake iko wapi?"

Watu wakacheka, mimi nikakasirika. Nikafungua blanketi. Akapitisha vidole juu ya maua, taratibu, akasahau hata kutuuliza karata za utambulisho.

"Kitoko," akasema, yaani umependeza. Hilo ndilo neno la akili nililolisikia njia nzima, na lilitoka kwa mtu mwenye bunduki.

Mchana, Beni. Joto! Watu wa Beni wanajisifia joto lao utadhani wamelipika wenyewe. Mama Kavira alitupokea mlangoni pa ateliye yake, yaani karakana, mwanamke mnene wa sauti kubwa, miwani myeusi inaning'inia shingoni.

"Karibuni, bandugu ya Butembo. Mumekula? Mais muko bakonda hivi! Kwanza chakula."

Akatuwekea ugali na samaki wa Kyavinyonge. Samaki alikuwa mtamu sana. Nilimla kwa dharau vilevile.

Kisha akatupa miwani myeusi, maana mwanga ule unaharibu macho, akatusimamisha nyuma ya kioo. Alipaka rangi nyeupe kwa rulo, kile kigurudumu cha sufi chenye mpini, juu ya mlango bapa, mlango usio na chochote, bapa kama ubao wa kukatia nyama. Mkono wa chuma ukanyanyuka, ukaguna, ukainamisha taa yake ya zambarau, ukatembea polepole kutoka juu hadi chini. Basi. Mama Kavira akanivuta.

"Papa Paluku, gusa."

Nikagusa. Pakavu. Nikakwaruza kwa ukucha, pakavu. Huko kwetu rangi hulala siku kadhaa ikingoja kukauka, na vumbi la mji mzima huja kulala nayo.

"Ubao mtupu," nikasema. "Hata jua linaukausha. Weka mlango wangu."

Hakukasirika. "Bon. Lakini nakuambia mbele: mwanga hapana kupinda kona. Penye taa hauone, rangi haikauke."

"Weka tu, Mama."

Akaupaka kwa brosi, akaingiza rangi mpaka ndani ya petali. Mkono ukapita kulia, ukapita kushoto, ukainama huku na huku kama mtu anayetafuta sindano. Ulipozimika, sikungoja kuitwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ua kubwa la katikati, nikatia kidole ndani ya petali, nikakitoa.

Kilikuwa cheupe, kinadondosha rangi.

Wee! Nilikinyanyua juu. Nilicheka mpaka wafanyakazi wakaacha kazi. "Angalieni roboti ya Beni! Imeshindwa na ua la Butembo!" Nilizunguka na kidole changu, nikamwonyesha huyu, nikamwonyesha yule, mpaka nikafika mbele ya Kambale.

Hakuwa anacheka. Kitambaa chake kilikuwa mfukoni. Tulikuwa tumekaa humo ndani muda wote huo, rangi imepakwa mara mbili, na sikumsikia akikohoa.

"Yaya, unafurahi," akasema.

"Nafurahi ndiyo! Hukuona?"

"Niliona. Unafurahi sababu mimi nitarudilia pistole."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Nilipangusa kidole kwenye suruali yangu. Nilikuwa na aibu hadi masikio yalichemka.

Mama Kavira ndiye aliyesema, tena kwa upole. "Maua yako nayapenda, Papa Paluku. Siwezi kuyakausha, basi. Leta milango bila maua. Ndugu yako ataikausha hapa, kifua chake kitapumuzika."

Asubuhi iliyofuata Kambale alibaki Beni. Nilirudi peke yangu na mlango wangu, na safari hii sikumsema mtu. Blanketi lilikuwa limelegea. Kufika Maboya vumbi lilikuwa limeingia ndani ya kila petali iliyobaki mbichi, na maua yangu yalifika Butembo mekundu kama matofali.

Masika alikuwa anangoja barabarani. Aliangalia nyuma yangu, kisha ndani ya kamyoneti.

"Kambale iko wapi?"

"Amebaki."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Beni! Na uliniahidi!" Halafu, kwa sauti ndogo: "Anakohoa?"

"Tangu tuingie pale, hapana."

Alikaa chini palepale, juu ya gunia la viazi la watu, akalia. Nikasimama kando yake. Sikujua kama analia kwa hofu au kwa furaha.

Mtaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba niliitaka mashine ile iwe ya kijinga kuliko nilivyotaka mdogo wangu apumue. Hilo nimelikubali. Ila milango bapa siikubali mpaka kesho! Mlango usio na ua ni mbao yenye bawaba, na yeyote anayeununua hana macho. Hata hivyo naitengeneza kila juma. Naipiga randa, naifunga, naituma Beni, na patasi zangu zinaniangalia kutoka ukutani.

Juzi Kambale alinipigia simu. Alisema kuhusu joto, bei ya mihogo, jirani mwenye mbuzi asiyefungwa, roboti iliyokwama na namna alivyoikwamua, kisha akarudia habari ya mbuzi. Upuuzi mtupu, sentensi baada ya sentensi, nzima nzima, bila kukohoa. Nilikuwa na kazi ya kumaliza. Nilikaa juu ya mbao nikasikiliza, na sikumkatiza hata mara moja.